Habyarimana: Mtoto wa Karago aliyeijenga serikali juu ya kahawa ya mkulima mdogo

GISENYI – Dereva wa lori aliyewahi kupita Gatuna au Rusumo katika miaka ya 1980 anaikumbuka sura yake. Picha ya Meja Jenerali Juvénal Habyarimana ilitundikwa katika kila ofisi ya forodha na kila benki, na watumishi wa serikali waliibandika vifuani kwa beji ndogo ya chama. Alitawala Rwanda kwa karibu miaka 21, tangu Julai 1973 hadi Aprili 1994, na kwa muda wote huo serikali yake iliishi kwa zao moja kuliko mengine yote: kahawa.

Historia yake huandikwa zaidi kwa upande wa siasa na vita, na ni haki iwe hivyo kwa sababu ya damu iliyomwagika. Lakini kwa mfanyabiashara na msafirishaji wa ukanda huu upo upande mwingine, nao ni ule wa hesabu. Mkulima wa Rwanda alipata nini kwa kilo ya kahawa, nani alichukua kilichobaki, na nini kilitokea siku bei ya dunia ilipoanguka na hazina ikawa tupu?

Habyarimana alizaliwa tarehe 8 Machi 1937 katika eneo la Karago, mkoa wa Gisenyi. Nyumbani kwao ni Bushiru, nchi ya milima yenye baridi na ukungu, ambayo siku hizi iko wilaya ya Nyabihu. Inashangaza kidogo kwamba mtu aliyekuja kuitegemea kahawa kiasi kile alitoka mahali ambapo zao hilo halistawi vizuri. Kule juu watu hulima viazi, mahindi, maharage na pareto. Mibuni huanza ukiteremka kuelekea Bugoyi na ufukwe wa Ziwa Kivu, karibu na mji wa Gisenyi wenyewe, ambako maji ya ziwa yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na udongo ni wa volkano.

Tofauti hiyo kati ya Bushiru na Bugoyi si ya mazao tu. Watu wa Bugoyi ni wafanyabiashara wa siku nyingi. Kabla ya Wajerumani kufika walikuwa wakivuka kwenda Idjwi na milima ya Kivu wakiwa na tumbaku, majembe na vyakula, na kurudi na bidhaa za ng'ambo ya ziwa. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza ndio uliochora mpaka na kuziacha Gisenyi na Goma katika nchi mbili, ingawa kwa macho ya mchuuzi zimebaki soko moja. Habyarimana aliukulia mpaka huo. Alisoma sekondari katika chuo cha Saint Paul mjini Bukavu, upande wa Kongo, na mwaka 1958 akaanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville.

Udaktari hakuumaliza. Mwaka 1959 Rwanda iliingia katika machafuko yaliyouangusha ufalme na kuwafanya Watutsi wengi wakimbilie Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Habyarimana alirudi nyumbani, akajiunga na shule ya maofisa mjini Kigali na kuhitimu mwaka 1961. Jeshi la nchi changa lilikuwa na maofisa wachache, kwa hiyo alipanda haraka. Mwaka 1963 alikuwa mkuu wa majeshi akiwa na miaka 26, na mwaka 1965 akawa waziri wa ulinzi katika serikali ya Rais Grégoire Kayibanda. Alimwoa Agathe Kanziga, ambaye pia ni wa Bushiru, kutoka ukoo wenye jina kubwa kuliko wa kwake. Ndugu wa mke huyo walikuja kuwa na uzito mkubwa katika biashara na jeshi, na wananchi wakalipa kundi lao jina la Akazu, yaani kijumba.

Kahawa kabla yake

Kahawa ililetwa Rwanda na wamisionari katika misheni ya Mibirizi, kusini magharibi, mwaka 1904. Haikuwa zao la watu wengi mpaka Wabelgiji walipoanza kampeni ya lazima katika miaka ya 1930. Walitaka kodi, na mkulima asiye na kitu cha kuuza hawezi kulipa kodi. Machifu waliamriwa kuhakikisha kila mlipa kodi ana mibuni yake, na aliyekataa alichapwa kiboko. Hapo ndipo ulipoanzia uhusiano mbaya kati ya mkulima wa Rwanda na mmea huo. Kahawa ilikuwa mali yake kwa maana ya kuipalilia, lakini uamuzi wa kuipanda, kuiuza au kuing'oa haukuwa wake.

Uhuru wa mwaka 1962 haukubadili jambo hilo. Kayibanda mwenyewe alikuwa ametokea katika ushirika. Aliongoza TRAFIPRO, chama cha ushirika kilichoanzia Kabgayi mwaka 1956, na alipokuwa rais ushirika huo ulipewa nafasi kubwa katika ununuzi wa kahawa. Wafanyabiashara binafsi waliulalamikia, hasa wale wa kaskazini, kwa kuwa faida yake ilionekana kwenda Gitarama, nyumbani kwa rais. Mwaka 1964 iliundwa OCIR, ofisi ya serikali ya mazao ya biashara. Kwa hiyo Habyarimana alipochukua nchi kwa mapinduzi tarehe 5 Julai 1973, alikuta mitambo ya kukusanya fedha ya kahawa imekwisha jengwa. Kilichobadilika ni mikono iliyoishika. Gitarama ilipisha, Gisenyi ikaingia.

Mapinduzi hayo yalielezwa wakati ule kuwa hayakumwaga damu. Si kweli. Kayibanda aliwekwa kizuizini na kufa mwaka 1976, na wanasiasa wake kadhaa walifia gerezani katika miaka iliyofuata. Mwaka 1975 Habyarimana aliunda chama kimoja, MRND, na kila Mnyarwanda, hata mtoto mchanga, alihesabiwa kuwa mwanachama. Kazi za pamoja za umuganda zilianzishwa, zikachimba matuta na barabara za vijijini. Wafadhili wa Ulaya walizipenda.

Bahati ilikuwa upande wake. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazili, na bei ya dunia ikapaa mpaka kupita dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wanaikumbuka enzi ile kwa jina la Chepkube, soko la mpakani ambako kahawa ya magendo kutoka Uganda iliwatajirisha watu kwa usiku mmoja. Rwanda nayo ilikuwa na Chepkube yake upande wa magharibi. Faranga ya Rwanda ilikuwa imara, wakati zaire ya Mobutu ilikuwa ikiyeyuka kila mwezi. Mkulima wa Kivu aliona ni afadhali kahawa yake ivuke mpaka, akalipwa faranga au bidhaa za dukani, kuliko kuiuza kwa noti ambazo kesho yake hazinunui sabuni. Sehemu ya kahawa iliyohesabiwa kuwa ya Rwanda katika miaka ile ilitoka ng'ambo, na Gisenyi ulikuwa mmoja wa milango yake.

Mtoto wa mpakani aliuelewa mpaka. Tarehe 20 Septemba 1976 Habyarimana, Mobutu wa Zaire na Micombero wa Burundi walitia saini mjini Gisenyi mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Makao makuu yakawekwa Gisenyi, benki yake ya maendeleo ikaenda Goma. Kwa wachuuzi faida kubwa ilikuwa ni ile karatasi ya kusafiria iliyowawezesha kuvuka bila pasi ya kusafiria ya kawaida. Wakati Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika mwaka 1977, hii ya Gisenyi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Faranga 125

Hapa pana haja ya kueleza jinsi bei ilivyopangwa, maana ndipo penye kiini cha utawala wake.

Kila msimu serikali ilitangaza bei moja kwa nchi nzima. Mkulima aliyemenya, kuosha na kukausha kahawa yake nyumbani, ikiwa bado na ganda la ndani, alimuuzia mfanyabiashara kwa bei hiyo. Mfanyabiashara aliipeleka kiwandani kukobolewa. Sehemu kubwa ilipitia Rwandex, kampuni ambayo serikali ilikuwa na hisa nyingi, na ofisi ya OCIR-Café ilisimamia ubora na mauzo ya nje. Bei ya dunia ilipokuwa juu kuliko gharama zote, tofauti iliingia serikalini kama ushuru wa kusafirisha nje na kama akiba katika mfuko wa kusawazisha bei. Ilipokuwa chini, mfuko ndio ungejazia pengo.

Kwa maandishi ni mpango mzuri. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa na wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba katika miaka ya neema mkulima hakuiona neema. Bei ya New York ilipopanda mara kadhaa mwaka 1976 na 1977, yake ilipanda kidogo tu, na serikali ikabaki na kilichosalia. Fedha hiyo ilijenga barabara, shule na zahanati, hilo halikatai mtu, na aliyefika Kigali mwaka 1985 akitokea Kampala au Bujumbura aliona nchi iliyonyooka. Lakini pia ililipa mishahara ya watumishi waliozidi kuongezeka, ikawanufaisha wenye vyeo wa kaskazini, na kumfanya rais asihitaji kumuuliza mkulima chochote. Kwa miaka mingi kahawa ilileta kati ya asilimia 60 na 80 ya fedha zote za kigeni za mauzo ya nje.

Tangu msimu wa 1986 bei ilikuwa faranga 125 kwa kilo. Tuchukue familia yenye kilo 60 za kuuza kwa mwaka, kwa mfano tu. Ilipata faranga 7,500. Humo zilikuwamo kodi ya kichwa, karo ya shule, chumvi, sabuni, bati moja moja la nyumba, na mchango wa chama. Shamba lenyewe mara nyingi halikufika hekta moja, na liligawanywa zaidi kila mtoto wa kiume alipooa. Kipande cha kahawa kilikatazwa kuchanganywa na maharage. Bwana shamba alikagua kama mibuni imetandazwa majani, na asiyetandaza alitozwa faini. Majani yenyewe yalitoka katika migomba na nyasi ambazo zingeweza kulisha ng'ombe au kurutubisha shamba la chakula. Kuing'oa mibuni kulikuwa kosa la jinai.

Mkulima wa Bugoyi alijua kupiga hesabu. Ndizi za kutengeneza pombe zilimpa fedha mwaka mzima, viazi na vitunguu vilikuwa na soko Goma. Kahawa ilimlipa mara moja kwa mwaka. Aliendelea nayo kwa sababu mbili: sheria, na ukweli kwamba faranga 125 zilikuwa za uhakika. Mnunuzi alikuwapo kila msimu na bei haikubadilika kati ya kilima na kilima. Mkulima wa Zaire hakuwa na uhakika huo hata kidogo. Ni jambo la kumpa Habyarimana, kwamba kwa miaka kadhaa ahadi ya bei aliitimiza.

Njia ya kwenda baharini

Kahawa ya Rwanda haina bandari. Gunia lililotoka Gisenyi lilipanda milima hadi Ruhengeri, likashuka Kigali, kisha likapitia Gatuna, Kampala, Malaba na Nairobi mpaka Mombasa, safari ya takribani kilomita 1,700 kutoka Kigali. Njia ya pili ilipitia Rusumo kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1979, Tanzania ilipopigana na Idi Amin, njia ya Uganda ilifungwa na mafuta yakawa haba Kigali. Habyarimana alijifunza pale kwamba nchi yake inaweza kubanwa shingo na vita visivyomhusu. Barabara ya lami ya Kigali hadi Rusumo, iliyojengwa na Wachina, ilikuwa sehemu ya jibu, na kampuni ya malori ya STIR sehemu nyingine.

Gharama hizo za usafiri hazikulipwa na mnunuzi wa Hamburg wala Antwerp. Zilikatwa katika bei, na kila kilomita ya lori ilikuwa juu ya mgongo wa mwenye mibuni. Siku mpaka ulipofungwa, aliyeumia wa kwanza ni mwenye lori. Wa pili alikuwa mwenye kilo 60, ingawa yeye hakuijua sababu.

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Bei ya dunia ilipanda tena mwaka 1986 kwa sababu ya ukame Brazili, kisha ikashuka. Mfuko wa kusawazisha bei ukaanza kulipa badala ya kupokea. Mwaka 1989 njaa iliikumba kusini mwa nchi, hasa Gikongoro, na serikali ilichelewa kuikiri. Watu wa kusini walikumbuka kwamba misaada na ajira vilikuwa vikielekea kaskazini. Hata kaskazini kwenyewe si wote walionufaika. Katika msitu wa Gishwati, juu ya Gisenyi, mradi wa malisho uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliishia kuwapa ardhi vigogo huku wafugaji wa eneo hilo, wengi wao Watutsi wa Bagogwe, wakiondolewa.

Kisha ikaja Julai 1989. Wanachama wa Shirika la Kimataifa la Kahawa walishindwa kuelewana juu ya mgawo wa mauzo, na tarehe 4 mwezi huo mgawo ukasimamishwa. Ule ulikuwa ukuta uliozuia kahawa kumwagwa sokoni. Ulipobomoka, kila nchi iliuza ilichonacho. Ndani ya miezi michache bei ilikuwa imepungua karibu nusu, na mwaka 1992 ilikuwa chini ya senti 60 za dola kwa ratili. Mapato ya Rwanda kutokana na kahawa, yaliyokuwa zaidi ya dola milioni 140 mwaka 1985, yalifika karibu milioni 30 mwaka 1993.

Habyarimana alikuwa na njia tatu. Angeweza kumpunguzia mkulima bei, kupunguza matumizi ya serikali na jeshi, au kukopa. Alifanya ya kwanza na ya tatu. Mwaka 1990 bei ya faranga 125 haikuweza kushikiliwa tena, ikashushwa. Kila faranga 10 zilizopungua zilikuwa faranga 600 kwa familia yetu ya kilo 60, yaani karo ya mtoto. Serikali iliingia katika mpango wa marekebisho ya uchumi na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Novemba 1990 faranga ikapunguzwa thamani kwa asilimia 40. Kwa hesabu ya bidhaa za kutoka nje, faranga 7,500 zikawa na nguvu ya 4,500. Juni 1992 ikashushwa tena kwa asilimia 15.

Wataalamu wa kupunguza thamani ya fedha husema hatua hiyo humfaidi mwenye kuuza nje. Huwa kweli pale bei ya mauzo inapomfikia. Rwanda haikumfikia, kwa sababu pengo lilikuwa kubwa mno na serikali ilikuwa na njaa ya fedha. Wakulima wakaanza kung'oa mibuni na kupanda maharage na migomba, sheria au hakuna sheria. Kwa miaka 60 hakuna aliyethubutu jambo hilo kwa wingi kiasi kile. Mtawala makini angeliona kuwa ni kura ya hapana kuliko zote alizowahi kupigiwa, maana katika chaguzi zake za 1978, 1983 na 1988 alikuwa mgombea peke yake.

Vita na kilichofuata

Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, wengi wao watoto wa wale waliokimbia mwaka 1959 na miaka iliyofuata, waliingia kutoka Uganda kupitia Kagitumba. Kwa miaka mingi Habyarimana alikuwa ameshikilia kwamba wakimbizi hawawezi kurudi kwa wingi kwa sababu nchi imejaa na ardhi haitoshi. Ardhi ilikuwa haba kweli, kama mkulima yeyote wa kahawa angeshuhudia. Lakini uhaba huo uligeuzwa kuwa hoja ya kuwanyima watu uraia, na vita vikafuata.

Njia ya Gatuna ikafungwa na mapigano. Malori yaliyozoea Mombasa yalilazimika kuzunguka kwa Rusumo, nauli na bima zikapanda. Chai ya Mulindi, mkoa wa Byumba, ikaangukia eneo la vita. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 5,000 lilikuzwa hadi 30,000 na zaidi katika muda wa miaka miwili. Machi 1992 Rwanda ilinunua silaha za dola milioni 6 kutoka Misri, na sehemu ya malipo ilikubaliwa kuwa chai. Hesabu za nchi ndivyo zilivyokuwa: mazao ya mkulima yamewekwa rehani kwa bunduki.

Kosa lake kubwa kuliko yote halikuwa la uchumi. Wakati kahawa ilipokoma kulipa na wafadhili walipomlazimisha kukubali vyama vingi mwaka 1991, watu wake walitafuta nguvu mpya katika chuki ya kabila. Mkoa wake wa Gisenyi ulikuwa wa kwanza kuionja. Watutsi waliuawa Kibilira Oktoba 1990, na Bagogwe waliuawa mwanzoni mwa 1991, wakati viongozi wa serikali za mitaa wakishiriki na hakuna aliyeadhibiwa. Chama cha MRND kikaunda vijana wake wa Interahamwe. Waliojiunga walikuwa wengi wao vijana wasio na shamba wala kazi. Kati ya Januari 1993 na Machi 1994 leseni za uagizaji zilizotolewa kwa wafanyabiashara zilihusisha tani 581 za mapanga, katika nchi iliyokuwa ikilia haina fedha za kigeni.

Agosti 1993 Habyarimana alitia saini mkataba wa amani wa Arusha na kisha akauzungusha kwa miezi kadhaa. Tarehe 6 Aprili 1994 alihudhuria mkutano wa viongozi wa kanda mjini Dar es Salaam. Usiku huo ndege yake ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali, naye akafa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na wote waliokuwamo. Nani aliyefyatua makombora limebaki suala la mabishano makali. Upelelezi wa mahakama ya Ufaransa ulifungwa mwaka 2018 bila mtu kufikishwa kizimbani, na rufaa zilizofuata hazikubadili uamuzi huo.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza ndani ya saa chache. Kwa siku 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kati ya 800,000 na milioni moja, wakiwamo Wahutu waliopinga. Yalikuwa yameandaliwa na mfumo alioujenga na kuuongoza, pamoja na watu wa karibu na nyumba yake.

Serikali ya muda iliyoyaendesha ilikimbilia Gisenyi mwezi Juni, ikakaa katika hoteli na nyumba za ufukweni mpaka mji ulipotekwa katikati ya Julai. Kwa siku chache watu wapatao milioni moja walipita katika mipaka miwili ya Gisenyi kuingia Goma, ambako kipindupindu kiliua maelfu. Wakubwa walivuka na magari ya serikali, na pia noti za benki kuu. Ndiyo sababu Januari 1995 serikali mpya ilibadilisha noti zote, na wafanyabiashara wa Goma waliokuwa wameficha faranga za zamani wakabaki na karatasi.

Mibuni ilikuwa imeota magugu. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekufa, wamekimbia au wako magerezani. Bei ya lazima na amri ya kupanda viliondolewa katikati ya miaka ya 1990 na biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mabadiliko makubwa zaidi yalianzia Maraba, kusini, mwaka 2001, ambako ushirika ulisaidiwa kuosha kahawa kwa pamoja katika mtambo mmoja na kuiuza kwa daraja la juu. Vituo vya kuoshea vilisambaa nchi nzima, pamoja na ufukwe wa Kivu kusini mwa mji wa Gisenyi. Mkulima sasa huuza matunda mabivu yakiwa mekundu badala ya kuyamenya nyumbani, na mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya mashindano ya kahawa ya Cup of Excellence. OCIR-Café ilimezwa na NAEB mwaka 2011. Bei ya chini ya matunda bado hutangazwa na serikali kila msimu.

Mwili wa Habyarimana haukuzikwa Karago. Ulivushwa kwenda Zaire na kuhifadhiwa Gbadolite, kwa rafiki yake Mobutu. Mei 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipokaribia, ulisafirishwa kwa ndege hadi Kinshasa na kuchomwa moto huko, muda mfupi kabla Mobutu mwenyewe hajakimbia.